Yule Aliyekataa Kupika Kuku

Harufu ya ndizi zilizoivia ndani ya gunia si harufu ya ndizi tu. Imechanganyika na katani, na vumbi la buti ya basi, na utamu ulio karibu kuchacha. Na kwangu mimi ina pia sauti ya mtoto anayelia. Jumamosi iliyopita niliingia kwenye lifti ya jengo moja karibu na Westlands nikiwa nimebeba ndizi za aina hiyo. Mzee mmoja aliyekuwa ndani akavuta pumzi, akatabasamu, akasema, "Hizo zimetoka nyumbani." Sikumuuliza nyumbani kwa nani. Mimi ambaye huuliza kila kitu nilinyamaza, kwa sababu tayari nilikuwa nimerudi Kangemi, katika chumba chetu cha mabati, nikiwa na maswali mengi kuliko meno.

Ploti yetu ilikuwa kama ploti nyingine: safu mbili za vyumba zilizotazamana, mtaro katikati, mfereji mmoja wa maji mwishoni. Chumba chetu kilikuwa cha kwanza kutoka langoni, na hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yetu. Baba alikuwa fundi wa vitanda, na mwenye ploti alimruhusu kuegemeza mbao zake kando ya lango na kufanyia kazi hapo hapo, mbele ya macho ya wapita njia. Mtu alikuwa akitoka kununua sukari, anaona kitanda, anakumbuka kwamba analala sakafuni. Mama aliuza mboga za kienyeji sokoni, lakini lango lile ndilo lililotulisha. Hata mimi nililijua hilo, na nilikuwa bado naamini kwamba redio ina watu ndani.

Mdogo wangu alizaliwa wakati wa mvua, akaanza kulia, akaendelea. Hakikuwa kilio cha njaa wala cha nepi. Ilikuwa kama kazi aliyoajiriwa. Aliripoti watu wakinywa chai ya asubuhi, akapumzika kidogo mchana, akarudi zamu hadi jua likatua. Mabati hayazuii sauti; mtu akikohoa chumba cha mwisho, sisi wa chumba cha kwanza tulimwambia pole. Daktari wa kliniki alimpapasa tumbo akasema ni mchango wa watoto, utaisha wenyewe. Mama alimwombea. Baba alimbeba huku na huku kati ya vitanda visivyo na magodoro, akimwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti ya msumeno.

Aliyeumia zaidi ya wote alikuwa jirani yetu Otieno, bawabu wa usiku katika nyumba moja ya Kitisuru ambako, kwa maelezo yake, mbwa alikuwa na kitanda kizuri kuliko vyote ambavyo Baba amewahi kutengeneza. Otieno alilala mchana. Au alikuwa akilala, kabla ya dada yangu.

"Mama Rozi," alimwambia Mama siku moja, akiwa amesimama mlangoni na blanketi mabegani, "mimi naandikwa nikeshe usiku. Sasa hii ya mchana, nimeandikwa na nani?"

Mama alicheka, lakini kicheko hicho hakikudumu, kwa kuwa Otieno hakuwa peke yake. Malalamiko yalifika kwenye nyumba ya mawe iliyokuwa mbele ya ploti. Huko aliishi mama mmoja aliyepita makamo, mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa nguvu kama kifurushi. Tulimwita Mama Kamau akiwa karibu, na Mwenye Ploti akiwa mbali. Jina lake mwenyewe sikuwahi kulisikia, na nadhani hata Baba hakulijua. Alikuja, akasikiliza kilio kwa dakika chache, akatikisa kichwa.

"Fundi, wewe ni mtu mzuri," alimwambia Baba. "Lakini hii maneno ya mtoto isipoisha mwezi huu, mtatafuta nyumba ingine. Watu watanihama wote."

Baba alishika randa yake akaanza kulainisha ubao ambao ulikuwa tayari laini. Nilimtazama akiendelea kuulainisha mpaka nikaogopa utakwisha.

Jioni ile alimpigia simu mama yake, nyanya yetu, aliyekuwa Maragoli. Sisi tulimwita Guku, kama wanavyoitwa nyanya wote wa kwetu. Guku alisikiliza, kisha akauliza swali moja ambalo tulilisikia sote, kwa sababu alizungumza na simu kama mtu anayeita ng'ambo ya mto: "Huyo mtoto anaitwa nani?"

"Neema," Baba akasema.

"Neema ni baraka. Nimeuliza jina. Jina ni la mtu."

Alifika kwa basi siku chache baadaye, na gunia la ndizi, mfuko wa unga wa wimbi na jogoo aliyefungwa miguu ambaye alitutazama kama aliyechelewa mkutano. Chumba kikajaa ile harufu. Guku aliketi kwenye stuli, akamchukua mtoto, akamkagua kama mtu anayesoma bahasha kujua imetoka wapi.

"Huyu analia kwa sababu kuna mtu amekuja na yeye, na nyinyi hamumwiti," alisema. Alizungumza nasi Kilogooli; hapa ninamtafsiri kwa kadiri niwezavyo. "Tutawataja waliotangulia, mmoja mmoja. Atakayemnyamazisha, ndiye."

"Mama," alisema Mama kwa adabu, lakini akiwa na Biblia mapajani, "sisi tumeokoka. Hatuiti wafu."

"Siwaiti waje kula, binti yangu. Nawataja tu."

Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando ya gunia nikimenya ndizi, na kitu kimoja kilinikaba kabla hata ndizi haijanikaba. "Guku, mimi nilinyamaza kwa jina la nani?"

Guku akanitazama. "Wewe? Wewe hukulia. Ulifika ukakodoa macho tu, kama mtu wa kodi. Wakakupa jina la nesi."

Ni kweli. Mimi ni Rozi kwa sababu muuguzi aliyempokea Mama aliitwa Rozi na alimpa chai. Mpaka siku ile nilikuwa nikijivunia hadithi hiyo. Sasa nilielewa, au nilidhani nimeelewa, jambo la kutisha. Kichwani mwangu niliwaona waliotangulia wakiwa wamepanga foleni nje, kwenye mfereji wetu, kila mmoja na mtungi wake, wakingoja kuitwa kama Mama Kamau alivyotuita sisi kwa majina siku za maji. Mbele alisimama babu yangu, nyuma yake baba yake, na nyuma zaidi wengine ambao sura zao sikuziona kwa sababu ya ukungu. Wenye majina yao walikuwa na nafasi kwenye foleni. Rozi wa chai alikuwa nyumbani kwake Kawangware, hajafa, na hakuwa na foleni yoyote. Kwa hiyo mimi nilisimama wapi?

Jumamosi ya wiki hiyo Mama alimpika jogoo, na chumba kikaongezewa harufu ya pili juu ya ile ya ndizi. Sufuria ikitokota, Guku alimlaza mtoto mapajani, naye akaanza kazi yake ya kulia. Guku akaanza ya kwake.

Alimtaja kwanza Kavaya, mama mkwe wake, aliyeshuka kutoka kilimani na mumewe Mudave kutafuta shamba pana, akiwa amebeba moto kwenye chungu ili wasiombe kwa majirani wasiowajua. Mtoto akalia. Alimtaja Kageha, wifi yake, aliyemfuata mumewe kwenye majani chai ya Kericho, akasema atarudi Krismasi, na hakusema Krismasi gani. Mtoto akalia zaidi. Hakuna aliyetajwa akiwa ameketi. Kila mtu katika midomo ya Guku alikuwa njiani, ana mzigo kichwani, ametoka mahali na hajafika. Nilisahau hata ndizi mkononi. Nilikuwa nikidhani nyumbani ni mahali ambapo watu wetu wamekuwa siku zote, kama mlima. Kumbe kila mmoja wao alikuwa mgeni mahali fulani.

"Halafu mama yake Mudave," Guku akasema, na akasita. "Huyo ni yule aliyekataa kupika kuku."

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Ndiyo hivyo. Yule aliyekataa kupika kuku."

"Hilo si jina, Guku. Umesema jina ni la mtu."

Baba alinikata jicho, lakini Guku hakukasirika. Alisema mwanamke yule alikuja tu. Hakuletwa na wazazi, hakuna aliyepeleka ng'ombe kwao. Alitokea upande wa jua linakochomoza, na ngozi ya ndama mgongoni, ndama mwenyewe hayupo. Kegode, baba yake Mudave, akamwoa. Siku wazee wa ukoo walipokuja kumwona bibi harusi, akapewa kuku awapikie, akamtazama yule kuku, akamwachilia aende zake. Wazee wakaondoka na njaa. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina lake.

Mtu asiye wa kwetu huenda asielewe uzito wa jambo hili. Kwetu mgeni asiyepikiwa kuku hajafika. Ugomvi wa mashamba umesahauliwa, na vita pia, lakini kuku yule alipita vizazi. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba zamani wanawake wa kwetu walikatazwa kula kuku. Waliwapikia wanaume, wakanusa mvuke. Nilipolijua hilo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu maktabani. Huenda yule mama alikuwa na akili kuliko ukoo mzima.

Lakini siku ile Guku alimpita, kwa kuwa huwezi kumtaja mtu usiyekuwa na jina lake. Akaenda kwa Mideva, aliyetoka pwani ya ziwa na kunuka samaki mpaka uzeeni. Akaenda kwa Vihenda, aliyevuka ziwa kwa mtumbwi akiwa mjamzito, akitapika upande mmoja na kupiga kasia upande mwingine. Mtoto alikuwa amegeuka rangi. Mama alifunga Biblia akaanza kukoroga mchuzi usiohitaji kukorogwa. Baba aliegemea mlango uliorudishwa, akiwachungulia kwenye ufa watu waliokuwa wakitazama vitanda vyake, na nilijua anahesabu siku zilizobaki za mwezi.

"Na kabla ya ziwa, tulitoka Misri," Guku akamalizia, sauti ikiwa imechoka.

Hapo nikaruka. Misri niliijua. Mwalimu wa Shule ya Jumapili alikuwa ametuonyesha picha yake, yenye maji pande mbili na magari ya farasi yakizama. Kwa hiyo mwisho wa foleni yetu, pale nyuma ya ukungu, alisimama mtu mwenye taji na mtungi uliojaa maji ya Bahari ya Shamu.

"Guku! Sisi ni watu wa Musa au watu wa Farao?"

Guku alinitazama, machozi ya mtoto yakimlowesha kanga. "Sisi," akasema, "ni watu wa miguu."

Nilikuwa karibu kumwambia kwamba hilo si jibu. Ndipo mlango ukabishwa, au tuseme ulisukumwa, kwa kuwa Baba alikuwa ameuegemea. Mwanga wa alasiri ukaingia, na upepo baridi, na ndani ya mwanga huo kikasimama kile kitambaa kilichofungwa kama kifurushi. Nyuma yake alikuwepo Otieno na blanketi lake, shahidi.

"Fundi," akaanza Mwenye Ploti, "mimi nilisema—"

Guku hakumjua. Aliona mtu amekatiza kazi ya watu, wala hajabisha vizuri. "Na wewe ni nani?" akauliza kwa Kiswahili, akiinua kidevu.

Yule mama akashangaa. Nadhani hakuwa ameulizwa swali hilo tangu aijenge ploti. "Mimi? Mimi ni Nyokabi."

Mtoto akanyamaza.

Hakunyamaza polepole kama mtu anayelala. Alikata, kama redio iliyozimwa. Akafungua macho, akayaelekeza mlangoni. Tulisikia mchuzi ukitokota. Tulisikia basi likipita kwenye Waiyaki Way. Otieno alisema kwa mnong'ono, kwa furaha tupu, "Woi!"

"Sema tena," Guku akaamuru.

"Niseme nini?"

"Jina."

"Nyokabi," akasema Mwenye Ploti, sasa kwa woga kidogo, na mtoto akapiga mwayo.

Baba ndiye aliyelazimika kueleza. Alieleza akitazama viatu vyake, kwamba kwetu mtoto akilia sana hutajiwa wahenga, na kwamba, samahani sana Mama Kamau, inaonekana mtoto amemchagua yeye. Mama Kamau aliketi kitandani bila kukaribishwa.

"Lakini mimi sijakufa," akasema.

"Hapo ndipo shida," Guku akakubali.

Mama alicheka kwanza, mpaka akashika meza. Wafu waliokuwa wakimnyima raha kwa siku nzima walikuwa wameondoka chumbani, na mahali pao palikuwa na mwanamke mzima aliyevaa sweta. "Kama ni Mama Kamau, huyo si pepo," alitangaza. "Huyo namjua."

Lakini Guku hakuwa mtu wa kuchukua njia ya mkato. Kanuni ni kanuni. Alivuta stuli yake karibu na kitanda. Kiswahili chake kilikuwa cha kupimapima, na cha Mama Kamau kilikuwa cha kukimbia, kwa hiyo walikutana katikati.

"Hiyo jina ulitoa wapi?"

"Kwa shosho, nyanya yangu. Sisi tunaitwa kwa shosho. Yeye ndiye Nyokabi wa kwanza kwetu, sababu alikuwa mtoto wa Wamaasai, na Nyokabi ni kusema msichana wa Wamaasai. Ng'ombe zao ziliisha zote, akaletwa hapa Kabete akiwa mdogo, akakaa. Na dada yake mkubwa alienda upande ingine, hakuna mtu alijua wapi."

"Upande gani?"

"Huko. Jua linaangukia." Akanyoosha mkono kuelekea ukutani kwetu, ambako kulitundikwa kalenda.

Guku alitazama kalenda kana kwamba kuna mtu anaweza kutokea ndani yake. Mama naye, ambaye hakuwa akifuatilia tena bali alikuwa akiwaza adabu, alipakua. "Mama Kamau, utakula kidogo. Ni kuku."

"Ai, asante. Mimi nakula. Shosho ndiye hangekubali kuku hata ipite kwa mlango." Alicheka kwa kumkumbuka. "Siku ya kwanza mzee wangu alileta kuku kwa boma, shosho alimwambia, hii ni ndege, na mimi sipiki ndege."

Sahani ya Mama ilisimama hewani. Baba aliacha kizingiti akaingia ndani. Mimi nilikuwa nimeshasimama juu ya gunia la ndizi bila kujua nimefikaje huko.

"Sema tena," Guku akasema, safari hii kwa sauti ndogo sana.

"Alikataa kupika kuku."

Sijawahi kumwona mtu akifurahi kama Guku alivyofurahi. Hakupiga vigelegele mara moja. Kwanza aliweka kiganja kwenye shavu la Mama Kamau, mtu aliyemfahamu kwa muda usiotosha kuchemsha chai, akalishika lile shavu. Kisha akaanza kumsimulia yule mwanamke wa ngozi ya ndama, na wazee walioondoka na njaa, na jina lililotupwa. Mama Kamau akasema "Ai! Ai! Ai!" kila sentensi ilipoisha. Ndipo vigelegele vikaja, na mtoto hakushtuka, na Otieno mlangoni akapiga makofi ingawa nina hakika hakuwa ameelewa chochote.

"Tumemkasirikia bure," Guku alisema. "Tulimwacha njiani na jina lake. Sasa amejitaja mwenyewe."

Halafu alifanya jambo ambalo Baba hulisimulia hadi leo kuliko yote mengine. Alichukua firigisi, ile ambayo kwetu huwekewa baba wa nyumba na hakuna mwingine anayeigusa, akaiweka kwenye sahani ya Mama Kamau. Baba aliisindikiza kwa macho kutoka sufuriani hadi mdomoni. Lango lake lilikuwa salama, na alijua.

Maana Mama Kamau, alipomaliza kula, alimchukua mtoto, akamwita "mami," akamwambia ana pua ya familia. Alipotoka, akamkuta Otieno bado amesimama.

"Wewe Otieno, nunua pamba uweke kwa masikio," akamwambia. "Hapo ndani ni mimi nalia."

Na alilia kweli, tena kesho yake asubuhi, kwa bidii ile ile. Hilo husahaulika Baba anaposimulia, kwa hiyo nalisema mimi. Nyokabi mdogo aliendelea kulia kwa wiki kadhaa, kisha akaacha, kama daktari alivyosema. Tofauti ni kwamba hakuna aliyetuambia tena tuhame. Nyokabi mkubwa alimletea maziwa ya ng'ombe wake, akamshonea kofia, na alipokuwa akilia sana alisimama mlangoni akisema kwa fahari, "Sikia vile niko na nguvu!"

Nimelipekua jambo hili kwa kila upande. Chuoni nilimsimulia mhadhiri mmoja wa historia, akanisikiliza vizuri, kisha akaniambia kwamba enzi hizo nusu ya watu wa nyanda za juu hawakugusa ndege, na kwamba kuhusu Misri, karibu kila kabila la huko kwetu hudai kutoka huko na Misri yenyewe haina habari. "Ushahidi wako," akasema, "ni manyoya." Nilikubaliana naye. Mlango ulifunguliwa, mwanga ukaingia, mtoto yeyote angenyamaza. Kama aliyeingia angekuwa Otieno peke yake, leo ningekuwa na dada anayeitwa Otieno.

Likizo moja nikamwendea Guku, alipokuwa akianika wimbi, nikamuuliza waziwazi: ana hakika? Alikuwa amejua kweli kwamba yule wa ngozi ya ndama ndiye dada aliyepotea?

"Ulitaka nifanye nini?" akanijibu bila kuinua kichwa. "Nimwambie mtoto amekosea?"

Hilo nalo halikuwa jibu. Hata hivyo nilimsikia mimi mwenyewe akimtaja aliyekataa kupika kuku kabla Mama Kamau hajagusa mlango, na hapo ndipo mashaka yangu hukwama, kila mara, mahali pale pale. Nimeshaacha kuyasukuma.

Siku Guku alipoondoka Kangemi, baada ya kumpa mtoto jina, nilimsindikiza hadi stendi nikiwa nimeshika ncha ya gunia tupu. Nilimwambia yote: foleni, mitungi, Farao nyuma, na kwamba mimi sina mahali. Nililia, mimi ambaye inasemekana sikulia. Guku alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kwenye foleni yenu ya maji," akauliza, "nani huita majina?"

"Mama Kamau."

"Yeye hupanga foleni?"

"Hapana. Yeye anasimama kando."

"Basi," akasema, akapanda basi.

Guku sasa amelala kule kilimani, na Mama Kamau kule Kabete, na ploti imekuwa ghorofa. Jumamosi iliyopita nilipotoka kwenye ile lifti, dada yangu alinifungulia mlango nywele zikiwa zimesimama wima. Begani alikuwa na binti yake mchanga, akilia kama aliyeajiriwa.

"Upande wa shemeji yako wameshatoa jina lao," Nyokabi alisema badala ya salamu. "La kwetu bado. Nimempigia Baba, anajua wanaume tu. Amesema niulize mtu aliyekuwa anauliza."

"Noki, huo ni mchango. Utaisha wenyewe."

"Najua ni mchango. Taja majina."

Niliweka ndizi chini. Nilianza na Guku mwenyewe, Jendeka, aliyekuja Nairobi na jogoo aliyechelewa mkutano. Mtoto akalia, Guku hakuwa tayari kurudi. Nikamtaja Kavaya na chungu chake cha moto. Nikamtaja Kageha na Krismasi yake. Nikamtaja Nyokabi, aliyekataa kupika kuku, na mama wa mtoto akainama kwa heshima kama mtu aliyeitwa jukwaani. Sikusita hata mara moja. Majina yalitoka moja baada ya jingine, na safari zao, na mizigo yao, na sauti iliyokuwa ikiyatoa ilikuwa ya kuita ng'ambo ya mto. Tulipita ziwa. Nilikuwa nimekaribia Misri, nafikiria nitamwambia nini Farao, mlango ulipobishwa kwa hasira.

Nyokabi alinitazama. Nilimtazama. Tulianza kucheka wakati mmoja, tukacheka mpaka tukashikana, mtoto akilia katikati yetu.

Nilifungua. Alikuwa kijana wa mlango wa pili, amejifunika blanketi, macho mekundu, mdomo tayari umefunguka kulalamika.

"Kabla hujasema kitu," nikamwambia, "wewe ni nani?"